Asili ya Upelelezi katika Hadithi: Kutoka Kanzu ya Yusufu hadi Kiko cha Bwana Msa

Katika kisa cha Nabii Yusufu, ambacho watoto wa pwani hukisikia chuoni kabla hawajajua kuandika majina yao wenyewe, kanzu yatajwa mara tatu, na katika mara mbili za mwanzo kanzu hiyo husimama mahali pa shahidi. Mara ya kwanza ni pale nduguze Yusufu walipomrudia baba yao jioni wakilia, wamechukua kanzu iliyopakwa damu ya uongo, wakadai kwamba mbwa mwitu amemla mtoto; Nabii Yakubu hakuwasadiki, na wafasiri wa Kurani wakasimulia kwamba aliigeuza nguo ile, akaitazama mbele na nyuma, asione tundu wala mpasuko, akastaajabia upole wa mbwa mwitu aliyemla mwana na asiitie jino kanzu yake. Mara ya pili ni katika nyumba ya mheshimiwa wa Misri, mke alipomtuhumu Yusufu, naye Yusufu akakana, wala hapakuwa na mtu wa tatu aliyeona. Hapo akatokea mmoja katika jamaa za yule mke, na huyo hakuuliza nani bwana na nani mtumwa, bali alitaka itazamwe kanzu imechanwa upande gani: ikiwa kwa mbele, mwanamke asema kweli, na ikiwa kwa nyuma, basi kijana alikuwa akikimbia naye mwanamke akimfuata. Ikatazamwa, ikaonekana imechanwa kwa nyuma, na shauri likaisha hapo.

Nimeitanguliza kanzu hiyo kwa kuwa iko dhana, nayo imeenea hata miongoni mwa watu waliosoma, kwamba hadithi za upelelezi ni bidhaa iliyoshuka kwetu melini pamoja na vitabu vya Kiingereza, na kwamba mwandishi wa Kiswahili aliyeziandika alikuwa akiiga tu. Dhana hiyo ina ukweli ndani yake, walakini si ukweli mzima. Jicho lisomalo alama ni la zamani sana, na masimulizi yake yamekuwa yakizunguka katika bahari yetu na nchi zinazoizunguka kwa karne nyingi. Lililo jipya ni ule mpango wa kisa, yaani kumwekea msomaji alama zote mbele ya macho yake na kuichelewesha hukumu hadi mwisho. Mpango huo ulipofika Unguja ulikuta kazi ambayo haikuwapo London wala Paris, na kazi hiyo ndiyo ninayotaka kuifikia.

Waarabu wa kale wana kisa cha wana wanne wa Nizar, nao ni Mudhar, Rabia, Iyad na Anmar, na wanahistoria wakubwa kama Tabari na Masudi wamekiandika. Baba yao aliwausia kwamba wakihitilafiana katika urithi wamwendee mzee wa hukumu aliyekaa Najrani, na walipokuwa safarini Mudhar akaona majani yaliyoliwa, akasema ngamia aliyepita hapa ni chongo. Rabia akasema tena ana mguu mbovu. Iyad akasema hana mkia. Anmar akasema ni mtoro. Hawakwenda mbali wakakutana na mtu anayemtafuta ngamia wake, wakamtajia sifa zile moja baada ya moja, naye akaona hapana shaka hawa ndio walionaye, kwani mtu atajuaje sifa za mnyama ambaye hakumwona? Akafuatana nao hadi Najrani, akashitaki.

Mzee akawataka wajieleze. Mudhar akasema aliona majani yameliwa upande mmoja, na ya upande wa pili yamesalia kama yalivyo. Rabia akasema aliona wayo mmoja wa mbele umekaa barabara mchangani na wa pili umeharibika. Iyad akasema samadi ya mnyama ilikuwa fungu moja, na lau angalikuwa na mkia angaliitawanya. Anmar akasema aliona mnyama amegusa kidogo mahali penye majani tele, kisha akapaacha akaenda penye majani haba na mabaya, na mnyama aliyetulia hafanyi hivyo. Basi mzee akamgeukia mwenye mali, akamwambia akamtafute ngamia wake kwingine, kwa maana hawa hawanaye.

Ni kisa kifupi, nami nakiona kina ufundi wote uliokuja kujaza vitabu baadaye. Alama zile kila mpita njia alizikanyaga, wala hapana hata moja iliyofichwa. Kila moja peke yake ni ndogo, na thamani yake hutokea inapounganishwa na nyenzake. Lakini kubwa zaidi ni kwamba elimu ile ile iliyowatia mashakani ndiyo iliyowatoa, kwa sababu walitakiwa waeleze njia waliyopita katika fikira zao hadi wakafika kwenye neno walilosema, na maelezo yao yakaweza kupimwa na mtu mwingine. Mtu wa ramli hatakiwi kueleza hivyo. Hutaja jina, na jina likishatajwa, aliyetajwa hana hoja ya kujitetea, kwa kuwa hapana hoja iliyoletwa dhidi yake.

Elimu ya nyayo na viungo ilikuwa na wenyewe pia katika Bara Arabu, hususan watu wa kabila la Mudlij. Mmoja wao, Mujazziz, aliona miguu miwili miwili imetokeza chini ya nguo, vichwa vimefunikwa, akasema miguu hii imetokana. Nayo ilikuwa miguu ya Zayd na mwanawe Usama, ambao watu walitia shaka katika nasaba yao kwa kuwa rangi zao zilihitilafiana. Mtume alifurahi sana kwa neno lile. Juu ya msingi huo wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ndiyo madhehebu ya walio wengi katika pwani yetu, wakaukubali ushahidi wa wajuzi wa elimu hii katika mambo ya nasaba, ilhali wa Hanafi waliukataa. Hivyo swali la kiasi gani alama itegemewe katika kuhukumu watu lilikuwa mikononi mwa makadhi zamani kabla halijaingia katika mikono ya watunga riwaya.

Si kila hadithi ya kale yenye maiti ndani yake ni hadithi ya upelelezi. Katika Alfu Lela Ulela, ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata kwa lugha yao wenyewe tangu zama za ukoloni, kimo kisa cha tufaha tatu: mvuvi wa mto wa Tigris avua sanduku, na ndani yake mna maiti ya mwanamke aliyekatwa vipande, Khalifa Harun al-Rashid aghadhibika, ampa waziri wake Jaafar siku tatu amlete muuaji, ama sivyo atundikwe yeye na jamaa zake arubaini. Msomaji wa leo hutazamia Jaafar alitazame sanduku, aulize limetengenezwa na nani, na nguo zile zimefumwa wapi. Jaafar aenda nyumbani, akaa siku tatu, angoja Mungu atakalolipenda. Na muuaji ajitokeza mwenyewe chini ya mti wa kutundikia watu, aungama. Wamfahamu hapo kwamba ni mume wa marehemu, aliyemwona mtumwa barabarani ana tufaha mkononi, tufaha kama lile alilomletea mkewe kwa taabu kubwa, akamsadiki mtumwa aliposema amepewa na kipenzi chake, na aliporudi nyumbani akaona moja limepungua, akaua. Kumbe tufaha lilinyakuliwa kwa mtoto njiani. Na Jaafar alipoamriwa sasa amtafute mtumwa yule, alikaa tena nyumbani siku tatu, hata alipokuwa akimuaga binti yake mdogo ndipo alipolihisi tufaha katika nguo ya mtoto.

Kisa hiki hunihuzunisha kila nikisomapo, wala si kwa maiti iliyomo sandukuni peke yake. Mume yule alikuwa na dalili, naye aliifuata. Alilokosa ni subira ya kuiuliza dalili yake maswali. Tufaha mkononi mwa mtumwa laweza kuwa zawadi, wizi, ununuzi au kitu kilichookotwa, na mwenye kuliona jambo moja tu kati ya manne hana dalili, ana ghadhabu iliyovaa nguo za dalili.

Visa vya namna ya ngamia wa Nizar vilisafiri. Mwaka 1557 kilichapishwa Venice kitabu cha safari za wana watatu wa mfalme wa Serendip, ndicho kisiwa cha Sri Lanka, ambacho Waarabu walikiita Sarandibu, na humo yumo ngamia chongo asiyeonwa. Mwaka 1747 Voltaire, Mfaransa, akamtoa ngamia akatia farasi na mbwa katika kitabu chake cha Zadig, akamweka mwenye akili matatani kwa kuwa amejua mno. Kisha mwaka 1841 Mmarekani Edgar Allan Poe akaandika juu ya mauaji ya wanawake wawili katika chumba kilichofungwa mjini Paris, naye akafanya ambalo hawa wote hawakulifanya: alitanguliza mauaji, akafuatisha maneno ya mashahidi kama yalivyochapwa gazetini, na jibu akaliweka mwisho. Mashahidi wale, watu wa mataifa mbalimbali, walisikia sauti kali chumbani, na kila mmoja akasema ni lugha ya taifa lingine, asiyoijua yeye. Polisi waliona hapo hitilafu tu, bali Dupin, mpelelezi wa Poe, aliona mapatano, kwamba hapana hata mmoja aliyesikia neno la kibinadamu. Mwuaji alikuwa orangutani aliyemtoroka baharia.

Baada ya Poe njia ilikuwa wazi, na aliyeipita kwa kishindo ni Arthur Conan Doyle, ambaye Sherlock Holmes wake alitokea mara ya kwanza mwaka 1887. Doyle alikuwa tabibu, na mwenyewe aliandika kwamba ruwaza ya Holmes aliipata kwa mwalimu wake Joseph Bell katika hospitali ya Edinburgh. Siku moja, asema Doyle, aliingia mgonjwa asiyejulikana, na kabla hajasema neno, Bell alimwambia kwamba alikuwa askari, ameachishwa karibuni, alikuwa na cheo kidogo katika kikosi cha Waskoti, na alikaa Barbados. Akawaelezea wanafunzi: mtu huyu ana adabu, lakini hakuvua kofia, na hiyo ni desturi ya jeshini, ambayo angaliiacha lau angalikuwa raia kwa muda mrefu, ana haiba ya mtu aliyezoea kuamrisha, tena ugonjwa wake ni matende, na matende ni maradhi ya visiwa vile, hayako Uingereza. Msomaji wa Unguja, Lamu au Tanga hana haja ya kufasiriwa ushahidi huo, maana matende ameyaona mtaani.

Katika visa vya Holmes nakipenda zaidi kile cha farasi Silver Blaze, cha mwaka 1892, kwa sababu dalili zake ni za jikoni na uani. Farasi wa mashindano ametoweka usiku bandani, na mtunzaji wake, John Straker, amekutwa maiti nyikani, kichwa kimevunjwa, mkononi ana kisu chembamba cha kupasulia macho. Mgeni mmoja, Simpson, alikuja bandani jioni ile kutafuta siri za mashindano. Shali yake imekutwa kwa marehemu, naye ana bakora nzito. Polisi wamemtia kizuizini, na kwa mtu wa haraka kesi imekwisha. Lakini mtumishi aliyelinda farasi alilala fofofo kwa afyuni iliyotiwa katika chakula chake, na chakula chenyewe kilikuwa nyama ya kondoo kwa mchuzi wa bizari. Afyuni ina ladha yake. Ukiitia katika chakula cha kawaida mlaji ataitambua, bali mchuzi wenye viungo vikali huificha. Je, mgeni yule aliweza kuamuru mchuzi wa bizari upikwe katika nyumba isiyo yake, usiku ule ule aliokuwa amechukua afyuni? Haiwezekani. Basi aliyetia afyuni ni aliyekuwa na neno katika jiko la nyumba ile, yaani Straker au mkewe.

Kisha kuna mbwa. Mbwa alikuwamo bandani, na mtu aliingia usiku akamtoa farasi, na watumishi wawili waliolala darini hawakuamka. Watu wote walikuwa wakitafuta lililotokea. Holmes akaliuliza lisilotokea. Mbwa hakubweka, kwa hiyo aliyeingia alikuwa mtu wa nyumbani. Zimesalia ankara ya nguo ya kike ya thamani kubwa iliyokutwa mfukoni mwa marehemu kwa jina la mtu mwingine, na kondoo watatu walioanza kuchechemea bila sababu; zikikusanywa pamoja zaonyesha mume mwenye madeni na mwanamke wa pembeni, aliyekusudia kumkata farasi mshipa wa mguu kwa kisu kile ili ashindwe mashindanoni, akajizoeza kwanza kwa kondoo, na farasi alipoona mwanga wa moto nyuma yake akashtuka, akampiga teke la kichwa. Mwuaji ni farasi mwenyewe, na marehemu ndiye mwivi. Simpson, aliyekuwa na kila alama ya hatia juu yake, hakuua mtu.

Yafaa kusema kwamba zama zile zile watu wa serikali nao walikuwa wakijifunza kusoma alama. Mwaka 1892, huko Argentina, mama aliyewaua watoto wake wawili akamsingizia jirani alipatikana kwa alama ya kidole chenye damu mlangoni. Mwaka 1897 ofisi ya alama za vidole ilifunguliwa Calcutta, ambako Azizul Haque na Hem Chandra Bose walifanya kazi kubwa ya kuzipanga, ingawa mfumo wenyewe ulipewa jina la mkubwa wao Mwingereza, Edward Henry. Na mwaka 1901 polisi wa London wakaufuata. Haque na Bose wanastahili kutajwa kila itajwapo habari hiyo.

Sasa tufike kwetu. East African Literature Bureau iliundwa mwaka 1948 ili kutoa vitabu katika lugha za Afrika Mashariki, na katika mashindano yake ya uandishi wa hadithi ya mwaka 1957 na 1958 tuzo ilikwenda kwa Muhammed Said Abdulla, mtu wa Makunduchi aliyezaliwa mwaka 1918, aliyefanya kazi katika idara ya afya kisha akaingia katika magazeti ya Unguja, na tangu mwaka 1958 akawa mhariri wa gazeti la Mkulima. Kitabu chake, Mzimu wa Watu wa Kale, kilitoka mwaka 1960. Ndani yake wasomaji wakakutana na Bwana Msa, mtulivu, kiko mdomoni, na sahibu yake Najum, na Spekta Seif wa polisi; na kila aliyemsoma Doyle aliwatambua mara moja Holmes, sahibu yake Watson, na askari wa Scotland Yard. Hapo ndipo iliposimama hoja ya wanaosema kwamba ni kuiga.

Nami nasema watazame maiti imekutwa wapi. Bwana Ali, mtu mwenye mali, akutwa ameuawa katika mzimu, mahali ambapo watu hupeleka nadhiri na uvumba na kuogopa kupita usiku. Mwandishi angaliweza kumwua sebuleni au shambani, akawa amemaliza kazi ya Doyle vizuri tu. Alimpeleka mzimuni, kwa kuwa alijua kwamba katika visiwa vile, panapotokea kifo cha kutisha, jibu huwa limekwisha kuwapo kabla swali halijaulizwa: ni watu wa kale wamekasirika, ni mashetani, ni mkono wa mtu kwa uchawi. Jibu hilo ni zito kulivunja kuliko uongo wa mwuaji, maana wanaoliamini si waovu, ni majirani wema wenye hofu. Na mwuaji mwenye akili hujificha ndani ya hofu hiyo. Bwana Msa hawatukani watu wa kale wala hacheki wenye kuamini. Auliza maswali ya Mudhar na Rabia, nani alipita hapa, kwa miguu gani, na nani apata faida kwa kifo hiki. Holmes hakuwa na adui wa namna hii kila siku. Adui wake alikuwa uzembe wa polisi. Bwana Msa alipaswa kuiokoa dalili kutoka mikononi mwa ramli kwanza, ndipo aanze kazi.

Ya kwamba hilo halikuwa bahati nasibu yathibitishwa na kitabu chake cha pili, Kisima cha Giningi, cha mwaka 1968, kilichochukua jina la ule mji wa wachawi unaosimuliwa Unguja. Mara mbili mfululizo mwandishi alichagua mahali panapoogopwa, akapeleka huko mtu wa kuuliza. Vilifuata Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, na vingine, na katika hivyo mambo ya nasaba, urithi na siri za ndoa yakazidi kushika nafasi ya mbele. Lugha yake yote ni ya Unguja, yenye masihara ya barazani na methali zilizokaa mahali pake, nayo yatosha peke yake kumfanya mtu avisome. Bara nako, Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, akaupeleka upelelezi Dar es Salaam mjini, kwenye magari na simu, na baada yake wakaja wengi waliopenda bastola kuliko alama. Siwalaumu, kwani wasomaji waliwapenda, lakini njia yao ilikuwa nyingine.

Kwa hukumu yangu, Muhammed Said Abdulla alichukua kutoka Uingereza kiko na mpango wa kisa, na vilivyobaki alivikuta nyumbani. Walimu wa Kiswahili wanaompa mwanafunzi Mzimu wa Watu wa Kale nawaomba jambo moja: wasimwache afike mwisho kwa mbio. Wamsimamishe kabla Bwana Msa hajaanza kujieleza, wampe karatasi, wamtake aandike alama zote alizoonyeshwa tangu mwanzo na ataje mwuaji ni nani na kwa hoja gani. Kisha ndipo asome sura zilizosalia.